PIMA KABLA HUJALIPA: Si kila gurudumu pana hukaa nyuma ya gari la kale

Wahenga walinena, vyote ving'aavyo si dhahabu. Nyumba za kale za Buxton, kisiwani Mombasa, zilianza kubomolewa mwaka 2021 kupisha maghorofa. Gari la kale lililotunzwa vyema, hata hivyo, hubaki kuwa fahari ya familia, hasa Volkswagen ile yenye umbo la kobe, ambayo Tommy Fjastad alishinda nayo mbio za Safari mwaka 1962.

Tuseme, msomaji, kijana wa mtaa huo ameachiwa gari kama hilo na marehemu babake. Anaona rimu pana zinazometameta, na mbio anamwita mjomba wake aje kuzitazama.

"Mjomba, hizi zikikaa nyuma, gari litapendeza!"

"Litapendeza, mwanangu. Lakini zitaingia? Na siku tukimpakia mamako na wadogo zako?"

Naam, swali la mjomba ndilo la kujibiwa kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Kwanza, hesabu bolti. Volkswagen hizi hadi modeli za 1967 kwa kawaida zina bolti 5, na duara linalopita katikati ya matundu yake lina upana wa milimita 205. Nyingi za baadaye zina bolti 4 na duara la milimita 130. Kwenye rimu ya matundu 4, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linaloelekeana nalo. Kwenye ya 5, pima kati ya matundu mawili jirani: ukipata kama milimita 120, hiyo ndiyo ya 205. Kichwa cha bolti nacho lazima kikae sawasawa katika tundu lake. Fundi asilazimishe.

Pili, upana. Rimu ikizidi ile ya zamani kwa inchi 2, na sehemu inayofungwa bolti ikabaki katikati, tairi litasogea inchi 1 kuelekea madigadi na inchi 1 kuelekea ndani.

Tatu, usipime gari likiwa juu ya jeki. Injini yake iko nyuma, na katika zile ambazo ekseli ya nyuma hubembea, gurudumu linaloning'inia hujipinda, upande wa chini ukaingia ndani. Litue gari, pakia watu, lisukume mbele na nyuma kidogo, kisha pima nafasi iliyobaki pande zote mbili. Tairi linalogusa madigadi kila shimo la barabara hulika kidogo kidogo, na laweza kupasuka familia ikiwa juu ya Daraja la Nyali.

Ukishafunga, endesha polepole kama kilomita 50, kisha kaza bolti tena.

Kijana wetu akipima na kuona rimu hazikai, aziache dukani. Urembo wa gari utapatikana siku nyingine; mama na wadogo zake hawana dukani wanakouzwa.