Malangu Kabedi: mwanamke wa kwanza kuongoza Banque Centrale

Mama anayeuza sambaza sokoni, kabla ya kutaja bei, mara nyingi anauliza kwanza: dola leo ni ngapi? Dola ikipanda asubuhi, sambaza inapanda mchana. Sasa, nani anachunga franka yetu?

Kazi hiyo ni ya Banque Centrale du Congo. Toka Julai 2021 mpaka Julai 2025, gavana wake alikuwa Mama Malangu Kabedi-Mbuyi, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Mbele ya hapo alifanya kazi miaka mingi katika FMI, shirika la feza la dunia. Kazi ya kule ni kuchunguza hesabu za nchi: serikali inaingiza ngapi, inatumia ngapi, deni lake ni ngapi.

Uzoefu huo una maana gani kwetu? Wazee wanakumbuka wakati wa Mobutu. Serikali ikikosa feza, benki ilichapa noti. Ikatoka mpaka noti ya zaire milioni 5, na mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya 9,000 kwa mia. Njo maana gavana anapaswa kuwa mtu anayeweza kuambia serikali «hapana», na sheria ya 2018 inaipa Banque Centrale uhuru wake.

Jaribu kubwa la Mama Kabedi lilikuja 2023. Dola, iliyokuwa karibu franka 2,000 alipoingia, ilipita 2,400. Bei zilipanda zaidi ya 20 kwa mia mwaka ule. Mwezi wa Agosti, benki ilipandisha riba kuu toka 11 mpaka 25 kwa mia. Riba kuu ni ile benki za biashara zinalipa zikikopa kwa Banque Centrale. Ikipanda, mikopo ya franka inakuwa ghali, na franka za kununulia dola zinapungua.

Dawa hiyo ni chungu kwa mwenye kutafuta mkopo, tena haiponyeshi yote, kwa sababu akiba nyingi katika benki zetu ni za dola. Mwaka 2024 bei zilipunguza mwendo, lakini dola ilifika karibu 2,800. Mwaka huohuo, Kongo ilimaliza programu yake na FMI kwa mara ya kwanza.

Kisha vita. Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, baadaye za Bukavu. Gavana anaweza kupanga riba. Kufungua dirisha la benki pale silaha zimefika, hapana.

Tangu Julai 2025 kiti ni cha André Wameso. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usiulize tu dola ni ngapi leo. Uliza pia kama gavana bado anaweza kusema «hapana». Jibu la pili njo litaamua la kwanza kesho.