Kisa Kifupi na Mwendo Wake: Kutoka Kashasha hadi Stetasi

Miongoni mwa mambo yaliyozoeleka upesi katika maisha ya watu wa Bukoba na Muleba, hata yakaacha kustaajabisha, ni desturi ya kuamka asubuhi na kufungua stetasi za WhatsApp kabla ya kufungua dirisha: ndugu aliye Mwanza ameweka picha za harusi, mwenye duka wa Kamachumu ametangaza bei ya saruji, kijana wa bodaboda ametupia mzaha wa nusu dakika, na shemeji asiyesemwa na mtu ameweka fumbo ambalo kila mmoja analijua linamlenga nani. Kila kisa hukaa saa 24, kisha hutoweka. Mtindo huu ulianza kwa Snapchat mwaka 2013, Instagram wakauchukua mwaka 2016, na WhatsApp wakaupokea Februari 2017. Historia yake haina mengi zaidi ya hayo, maana kila aliyefuata alimwiga aliyemtangulia bila haya. Lenye kustahili tafakuri ni jingine: kwa nini mtu yule yule asiye na subira ya kusikiliza hotuba ya nusu saa juu ya afya au kilimo hutazama makumi ya visa vya namna hii mfululizo, na kimoja kikimgusa akakipeleka kwa wengine bila ya kuombwa?

Wilaya ya Muleba imekwisha kuipa dunia mfano wa mwenendo wa mambo yapitayo baina ya mtu na mtu, nao unatajwa hata leo katika vyuo vikuu vya mbali, ingawa aghalabu hutajwa kama kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Na kicheko hicho, kilichochanganyika na kilio na fadhaa, kikawapata wasichana 95 kati ya 159 kabla ya shule kufungwa tarehe 18 Machi. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa ya mkasa huo mwaka 1963, walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza na chakula, wasione kijidudu wala sumu. Shambulio lilidumu kwa dakika chache au saa kadhaa, likaweza kumrudia mtu kwa siku nyingi, hata 16, hapana aliyekufa. Wasichana waliporudi makwao kicheko kilikwenda nao: huko Nshamba watu 217 walipatwa katika Aprili na Mei, na Juni kikazuka katika shule ya wasichana ya Ramashenye, pembezoni mwa mji wa Bukoba, kikawashika 48 kati ya 154.

Katika taarifa ile mna mambo mawili ambayo wapenda vichekesho huyaruka, ilhali kwa maoni yangu ndiyo kiini cha mambo yote. La kwanza ni kwamba hapana mwalimu hata mmoja aliyepatwa, ijapokuwa walimu walikuwa katika shule ile ile. La pili ni kwamba kila aliyeugua alikuwa amekutana karibuni na mtu mwingine aliyekwisha kuugua. Hali ile, kwa hivyo, haikusambaa hewani kama moshi unaomfikia kila aliye karibu. Ilipita zaidi kwa wenye umri unaokaribiana na hofu moja, ikafuata mikondo ya udugu na usuhuba iliyokuwapo tangu zamani. Kicheko si hadithi, nami sidai kwamba ni kitu kimoja. Walakini hadithi fupi husafiri kwa njia iyo hiyo, na aliyebuni stetasi, kwa kujua au kwa kutojua, aliijenga juu ya njia hiyo.

Hebu tutazame jinsi chombo chenyewe kilivyoundwa. Stetasi yako haionekani ila na mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake naye amehifadhi yako. Hadhira yako, basi, si umma wa watu bali ni jumla ya wale mliokwisha kujuana. Fauka ya hayo, chombo humwonyesha msimulizi majina ya waliotazama, na anayetaka kujibu hujibu kwa siri, mtu kwa mtu. Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, waliijua faida ya mpango wa namna hii kabla ya simu. Peter Seitel, Mmarekani mtaalamu wa fasihi simulizi aliyekusanya hadithi za Wahaya na kuzitolea kitabu mwaka 1980, ameeleza kwamba msimulizi wa Kihaya haanzi mpaka hadhira imemwitikia. Yeye hutangaza kwamba alifika akaona, nao humwagiza aone ili nao wapate kuona. Hadhira iliyokwisha kutoa agizo haiwezi tena kukaa kama mgeni, maana imekuwa mshirika katika kazi, na kisa kikikatika njiani nayo huona imepungukiwa.

Kupungukiwa huko ndiko George Loewenstein, mwanauchumi wa tabia za watu, alikokufanya msingi wa nadharia yake ya udadisi mwaka 1994: mtu hashikwi na hamu ya jambo asilolijua kabisa, wala ya jambo analolijua lote, bali ya lile analolijua nusu, na nusu iliyobaki humwasha kama upele. Kisa kirefu kinaweza kuijaza nusu hiyo taratibu. Kisa cha dakika moja hakina wasaa, hivyo hulazimika kuanzia katikati ya mambo. Tena ufupi una faida ya pili. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1932, alimpa mtu hadithi ngeni aisimulie, wa pili akaisimulia aliyoipata kwa wa kwanza, na kuendelea hivyo. Akaona hadithi inafupika kila ipitapo, mambo mageni yanadondoka, na iliyobaki inafanana zaidi na mazoea ya wasimulizi. Mkasa wa Kashasha wenyewe umepatwa na hayo: kilio na hofu vimedondoka njiani, kikabaki kicheko, na wako wanaousimulia kana kwamba kijiji kizima kilicheka mwaka mzima bila kupumua. Kisa kilichozaliwa kifupi kina machache ya kupoteza safarini, na aliye makini huhakikisha kwamba yale machache ndiyo yaliyo ya lazima.

Hapa ndipo ilipo hatari. Jonah Berger na Katherine Milkman, waliochunguza maelfu ya makala za gazeti la New York Times na kutoa matokeo yao mwaka 2012, waliona kwamba makala zinazopelekwa sana kwa wengine ni zile zinazoisisimua nafsi kwa mshangao, hasira au wahaka, ilhali huzuni inayomlegeza mtu huzuia mkono wake. Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT, baada ya kufuatia habari zipatazo 126,000 katika Twitter, wakaona kwamba uongo ulikuwa na uwezekano wa kurushwa tena uliozidi ule wa kweli kwa asilimia 70. Msisimko hauna macho. Tarehe 16 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kuwapo kwa ugonjwa usiojulikana huko Bukoba Vijijini, na tarehe 21 ikatangaza kwamba ni Marburg. Wagonjwa walikuwa 9, wakafariki 6, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Baina ya tangazo la kwanza na la pili ni siku tano, na kwa chombo ambacho kisa chake huishi saa 24, hivyo ni vizazi vitano vya visa juu ya maradhi yasiyo na jina. Atakayengoja mpaka apate taarifa kamili ndipo aanze kusema na watu atakuta nafasi yote imekwisha kukaliwa.

Kilimo kina utulivu zaidi, nacho chafaa kwa mfano wa kazi ya kuwafunza watu kwa visa vifupi ikifanywa ipasavyo. Mnyauko wa migomba, unaosababishwa na bakteria, ulithibitishwa katika Wilaya ya Muleba mwaka 2006, na kwa watu ambao ndizi kwao ni chakula, ni pombe ya rubisi na ni heshima ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, hapana adui aliye karibu zaidi. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na zaidi huenezwa na panga lile lile la mwenye shamba, likitoka shina gonjwa kwenda zima. Tuseme afisa ugani wa Muleba anataka kulisema hilo katika stetasi. Njia iliyozoeleka ni kupiga picha bango lenye maneno mengi na nembo tatu, na hilo hupitwa kwa kidole kabla halijafunguka vizuri. Njia ya pili ni hii: kipande cha kwanza kionyeshe mkono ukipasua ndizi ambayo kwa nje imeiva kabla ya wakati wake, na ndani nyama yake ina mabaka ya kahawia, bila ya neno lolote ila swali la mwenye shamba kwamba jirani aliazima nini juzi. Cha pili kionyeshe panga likipitishwa motoni. Cha tatu kionyeshe kijiti chenye panda kikilinasa ua dume na kulizungusha mpaka likatike, mara baada ya chane ya mwisho kutokea, chuma kisiguse mgomba kabisa.

Shamba liwe moja, tena la mtu anayejulikana. Deborah Small, Loewenstein yule yule na Paul Slovic walionyesha mwaka 2007 kwamba watu waliopewa habari za msichana mmoja wa Mali mwenye njaa walitoa sadaka zaidi kuliko waliopewa hesabu za mamilioni, na ajabu ni kwamba hesabu zilipoongezwa kando ya habari za msichana, sadaka ilipungua. Maofisa wetu hawapendi kusikia hayo, kwa kuwa takwimu ndizo zinazompendeza mkubwa wa ofisi. Lakini mkubwa wa ofisi si hadhira.

Limebaki suala la muda. Mgomba uliokwisha kuambukizwa huweza kukaa majuma kadhaa kabla ya kuonyesha dalili, na kibanja kinachotibiwa kwa kukata shina gonjwa peke yake, usawa wa ardhi, huku mashina mengine yaliyoota pamoja nalo yakiachwa, hupona kwa miezi na si kwa siku. Stetasi ya saa 24 haiwezi kulibeba jambo la miezi ila kwa kurudi: kibanja kile kile, panga lile lile, mwezi huu na ule unaofuata, mpaka mkungu wa kwanza uliosalimika ukatwe mbele ya kamera. Na afisa akitaka kujua kama kazi inakwenda, asihesabu majina ya waliotazama, kwa maana mtu hutazama hata akiwa anangoja chai ichemke. Ahesabu waliomwandikia kando kuuliza kijiti kikatwe cha urefu gani.