Je, Wajua? Mnyoo Aliyelala na Vidonge vya Prednisoloni

Je, wajua ya kuwa katika ardhi yenye unyevu ya nchi za misitu, kama ile ya Banalia kandokando ya mto Aruwimi, huishi kijinyoo kiitwacho strongiloidi, ambacho hupenya nyayo za mtu apitaye pekupeku, kikadumu tumboni mwake hata miaka makumi pasipo dalili, mpaka siku amezapo dawa za steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni, pengine kwa siku chache tu, kinga ikalegea, nacho kikazaana na kuenea mapafuni kwa hatari ya mauti? Basi aliyepata kuishi huko ni wajibu amwarifu tabibu mapema, kabla ya kumeza dawa hizo, choo kipimwe; wala mtu asijitibu kwa ivermektini, dawa ya kijinyoo hicho, kwa kuwa mwenye Loa loa nyingi damuni, yule mnyoo apitaye jichoni, aweza kudhurika ubongo.