Usukani Mgumu wa Boti Ndogo

Katika boti ndogo ya mashine, gurudumu la usukani likizungushwa, gia zilizo nyuma yake husukuma au kuvuta kebo nene iliyovikwa plastiki. Kebo hiyo hupita ubavuni hadi tezini, na mwisho wake ni fimbo ya chuma kisichoshika kutu. Fimbo huteleza ndani ya bomba la mashine, lilelile ambalo mashine huzungukia inapoinuliwa, kisha kiungo kifupi huishika mashine na kuigeuza. Ugumu unaweza kuwa kwenye gia, ndani ya kebo, ndani ya bomba, au kwenye shingo ya mashine yenyewe. Wengi hununua kebo mpya kabla ya kujua ni wapi, na pesa hizo mara nyingi hupotea bure.

Kupima ni kazi ya spana tu. Boti ikiwa imepandishwa nchi kavu na mashine imezimwa, kiungo kinachoshika mashine hufunguliwa, kisha mashine husukumwa kwa mikono kushoto na kulia. Ikigoma, kosa liko shingoni: grisi ya zamani imeganda kwenye bushi, au skrubu ya kubania imekazwa kupita kiasi. Skrubu hiyo ina kazi kwenye boti zinazoendeshwa kwa mkono wa mashine, kama zilivyo nyingi za wavuvi wa Pwani na wa Ziwa Victoria. Penye gurudumu, hulegezwa.

Mashine ikienda kwa wepesi, basi ni upande wa kebo. Nati kubwa ya kebo hufunguliwa na fimbo kuchomolewa bombani, halafu gurudumu hujaribiwa tena. Likiwa jepesi sasa, bomba ndilo lenye kosa. Likibaki gumu, ni kebo au gia.

Bomba ndilo chanzo cha kawaida kabisa, hasa kwa boti za maji chumvi. Chumvi huingia, grisi hukauka na kuganda, na bomba huanza kuota kutu kwa ndani. Boti iliyokaa miezi michache bila kutumika, fimbo ikiwa imetokeza nje, inaweza kukutwa imekwama kabisa. Kulizungusha gurudumu kwa nguvu hapo ni kuvunja gia. Inafaa kupulizia mafuta ya kulegeza kutu, kuyaacha usiku kucha, kisha kugonga fimbo taratibu kwa kuweka kipande cha mbao katikati, maana nyundo ikiangukia chuma kwa chuma hupanua ncha ya fimbo, nayo haitapita tena. Ikishatoka, bomba husuguliwa kwa brashi ya duara na mafuta ya taa hadi kitambaa kitoke safi. Fimbo iliyopinda au kuliwa mashimo haina dawa. Hubadilishwa pamoja na kebo yake.

Grisi iwe ile ya boti, isiyooshwa na maji. Kabla ya kuipiga kwenye nipeli, gurudumu huzungushwa mpaka fimbo irudi yote ndani ya bomba. Ikipigwa fimbo ikiwa nje, hujaza nafasi ambayo fimbo ingerudia, na usukani huweza kujifunga. Fundi asiyelijua hili huweza kuuacha usukani mbaya kuliko alivyoukuta.

Kebo iliyopasuka plastiki au kuvimba kwa kutu haipakwi kitu, hutupwa. Mpya iwe na urefu uleule, na ipitishwe kwa mikunjo mipana, kwani kila kona kali huongeza uzito mkononi.

Usukani ulio mwepesi boti ikisimama lakini unaovuta upande mmoja ikienda kasi ni jambo jingine. Hapo ni rafadha inayoisukuma mashine. Juu ya rafadha, mashine nyingi zina pezi dogo. Ncha yake ya nyuma husogezwa kidogo kuelekea upande ule boti inakovutia. Pezi hilo likiwa ni zinki ya kuzuia kutu, halipakwi rangi.

Kwa mashine kubwa, hasa kuanzia nguvu za farasi 150 hivi, inafaa kuhamia usukani wa haidroliki, ambamo pampu iliyo nyuma ya gurudumu husukuma mafuta kupitia mipira hadi kwenye silinda ya mashine. Ni ghali, lakini mkono hauchoki. Gurudumu lake likibonyea au kuzunguka bila mashine kufuata, kuna hewa ndani, na lazima itolewe yote kabla ya safari.

Kazi yoyote kati ya hizi ikiisha, mashine hugeuzwa mwisho hadi mwisho, ikiwa chini na ikiwa imeinuliwa, huku ikitazamwa kama kuna waya au mpira unaobanwa. Nati za kujifunga kwenye kiungo hazirudiwi. Huwekwa mpya, kwa sababu nati hiyo ikilegea baharini boti hubaki bila usukani.