Udongo na Mahali Pafaapo Kupanda Misindano

Watu wengi hudhani ya kuwa msindano, ambao wengine huuita mpaina, humea popote, kwa sababu huonekana ukistawi katika udongo usiofaa mahindi. Ni kweli kwamba haudai rutuba nyingi. Lakini udongo haba wa rutuba ni jambo moja, na udongo usio na kina au wenye maji yaliyotuama ni jambo jingine. Mti wa mbao hungojewa aghalabu miaka 18 hadi 25. Basi mkulima akosaye mahali hupoteza miaka pamoja na miti.

1. Hali ya nchi. Msindano upandwao sana katika nyanda za juu za Tanzania, kama vile Mufindi, ni Pinus patula, ambao asili yake ni milima ya Mexico. Hupenda baridi na mvua ya kutosha. Nchi za chini zenye joto haziufai. Huko yafaa zaidi Pinus caribaea.

2. Kina cha udongo. Chimba shimo la mita moja, mahali pawili au patatu shambani. Ukikuta mwamba kabla ya nusu mita, mizizi haitakuwa na pa kushuka: miti itadumaa, itateseka wakati wa kiangazi, na upepo mkali utaiangusha. Juu ya kilima udongo huwa mchache kwa kuwa mvua huuchukua na kuushusha chini. Ndiyo sababu miti iliyopandwa siku moja katika shamba moja hupitana kwa urefu.

3. Maji. Tazama rangi ya udongo shimoni. Udongo mwekundu au wa kahawia kwa kawaida hupitisha maji na hewa. Udongo wa kijivu wenye mabaka ya rangi ya kutu waonyesha kwamba maji hutuama, na hapo mizizi hukosa hewa ikaoza. Usipande mahali hapo. Tena sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 yalinda mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji.

4. Uyoga wa mizizini. Msindano hushirikiana na aina za uyoga zishikazo mizizi na kuisaidia kupata chakula udongoni. Hapo kwanza misindano ilipoletwa Afrika, miche mingi iligeuka manjano ikadumaa, mpaka udongo wa chini ya misindano iliyokwisha kustawi ulipochanganywa na ule wa kitaluni. Fanya vivyo hivyo kama kitalu chako ni kipya.

5. Ncha kukauka. Ncha ya mti ikifa na matawi yakagombania nafasi yake, huenda udongo umepungukiwa na boroni, hasa baada ya kiangazi kirefu. Mwonyeshe bwana miti kabla ya kununua mbolea.

Kwa hiyo chimba kwanza, kisha ndipo upande. Siku moja ya kuchimba mashimo ni kazi ndogo kuliko miaka 20 ya kutunza miti isiyokua.