Fahamu: Kwa nini kukesha hakumfaidi mtahiniwa

Chuo Kikuu cha Alupe kiko kando ya barabara ya Busia–Malaba, njia ya malori yanayovuka kwenda Uganda. Wiki ya mitihani huko, kama vyuoni kote nchini, wapo wanaokesha kwa chai ya rangi na daftari hadi majogoo.

Hasara yake ni hii. Unachosoma mchana hushikwa kwanza na hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo. Ukiwa katika usingizi mzito, ubongo huyarudia yale uliyojifunza na kuyahamishia kwenye hifadhi ya kudumu. Usipolala, kazi hiyo haifanyiki sawasawa, na kesho yake hipokampasi iliyochoka hushika mapya kwa shida. Si habari mpya: mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Marekani waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, wakaona waliyakumbuka zaidi waliyojifunza kabla ya kulala.

Hisia nazo huvurugika. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kwa watu waliokesha, amigdala, kitovu cha hofu na hasira, iliitikia picha za kuchukiza kwa takriban asilimia 60 zaidi. Ndiyo maana dereva aliyekesha kwenye foleni ya Malaba hukasirishwa na neno dogo tu.

Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Mzazi, ukimwamsha mwanao saa kumi alfajiri asome, hakikisha alilala mapema.