JINA LAKO NI MALI: FAHAMU MKOPO KABLA YA KUKOPA

Wahenga hawakukosea hata kidogo waliposema kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na sote tunaijua. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kueleza kinachotokea baina ya hiyo harusi na hayo matanga? Nani huandika deni? Huliandika wapi? Na kwa nini mtu hunyimwa mkopo leo kwa sababu ya jambo lililotendeka miaka mitatu iliyopita? Katika makala haya nitayafafanua hayo kwa kadiri ya uwezo wangu. Nayaandika kwa sababu sisi wa Kidato cha Tatu na cha Nne tumebakisha muda mfupi tu tupate vitambulisho, na siku unapopata kitambulisho ndiyo siku unapoanza kukopesheka.

Kwanza, mkopo ni nini hasa? Mkopo ni imani. Mtu akikupa kitu leo ili umlipe kesho, amekuamini kwamba hiyo kesho ikifika utaonekana. Mfano mzuri uko hapa mtaani. Kila mwenye duka ana daftari lake chini ya meza. Ndani yake ameandika: mama fulani, unga pakiti mbili, baba fulani, sukari nusu kilo na sabuni kipande kimoja. Yule anayelipa mwisho wa mwezi kama alivyoahidi huandikiwa tena bila maswali. Yule anayeanza kupita njia ya nyuma ili asionekane dukani, siku akirudi huonyeshwa lile bango: "Leo pesa, kesho deni." Kwa hivyo, katika lile daftari kila mtu ana jina lake, zuri au baya, na amejiandikia mwenyewe kwa vitendo vyake.

Sasa, nchi nzima nayo ina daftari lake. Daftari hilo linawekwa na mashirika yanayohifadhi kumbukumbu za mikopo, ambayo watu wengi huyaita CRB tu. Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayoyapa leseni, na shirika la kwanza lilipata leseni yake mwaka wa 2010. Yako matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ukikopa kwa benki, habari za mkopo wako hupelekwa huko: ulikopa kiasi gani, lini, ulitakiwa kulipa lini na ulilipa au hukulipa. Kesho ukienda kwa mkopeshaji mwingine, yeye hahitaji kuja mtaani kuuliza majirani. Anafungua hilo daftari tu.

Kuna kosa moja ambalo hata watu wazima hulifanya. Utasikia mtu akisema, "Fulani yuko CRB," kana kwamba CRB ni jela ya watu waliokataa kulipa. La hasha! Karibu kila aliyewahi kukopa kwa benki yumo. Anayelipa vizuri yumo kwa wema wake na asiyelipa yumo kwa ubaya wake. Mashirika hayo huweza hata kumpa mtu alama, kama mwalimu anavyosahihisha insha. Kwa mfano, alama za Metropol huanzia 200 na kuishia 900. Mwenye alama za juu huaminiwa, na mwenye alama za chini hunyimwa mkopo au hutozwa riba kubwa. Na yule ambaye hajawahi kukopa wala kuweka akiba mahali popote, mkopeshaji hana la kusoma juu yake. Ni kama mwanafunzi mgeni aliyekuja bila ripoti ya shule alikotoka.

Jambo la pili ni riba. Hapa ndipo wengi hutegwa, na walimu wetu wa Hisabati wanisaidie. Zamani mtu akitaka mkopo alivaa shati safi, akaenda benki, akajaza fomu na kungoja. Siku hizi anabonyeza simu akiwa kitandani. Huduma ya M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Yaani ukikopa shilingi 1,000 unarudisha 1,075. Mtu husema, "Ah, sabini na tano tu!" Sawa. Lakini akikopa hivyo hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa 75 mara kumi na mbili, ambazo ni shilingi 900. Amelipa karibu elfu nyingine nzima kwa kuishika elfu moja ile ile! Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022, ilianza na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa shilingi 1,000 hiyo ni shilingi 80 kwa mwaka mzima, na kwa siku 14 ni kama shilingi tatu. Tazama basi: 7.5 na 8 zinafanana sana kwa macho, lakini moja ni ya mwezi na nyingine ni ya mwaka. Kwa hivyo swali la kuuliza si "asilimia ngapi?" peke yake. Uliza, "Asilimia ngapi, kwa muda gani?" Kisha uliza tena, "Nikichelewa, inakuwaje?"

Wacha sasa nieleze jambo lililotupata nyumbani, kwa maana ndilo lililonifanya nianze kuyachunguza haya yote.

Mama yangu ni fundi wa nguo. Mwaka juzi alitaka mkopo wa shilingi 40,000 anunue cherehani kubwa ya umeme ili ashone sare nyingi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Alikuwa na akaunti benki na hajawahi kudaiwa na mtu. Alipoenda, afisa akatazama kompyuta yake, akamwambia, "Mama, kuna deni la simu hujalilipa. Hatuwezi kukupa." Mama alipigwa na butwaa. Alirudi nyumbani akisema hajawahi kukopa kwa simu tangu azaliwe.

Jumamosi ile tulikaa naye, tukaomba ile ripoti yake ya mikopo, nami nikamsomea mstari kwa mstari. Kweli lilikuwepo deni la shilingi 1,500 ambalo kwa kuongezewa ada lilikuwa limefika 2,340. Mama alipompigia simu mkopeshaji, akatajiwa nambari ya simu ambayo si yake. Hapo ndipo alipokumbuka. Miaka michache nyuma, mjomba alikuwa amepoteza kitambulisho, akamwomba dada yake amsajilie laini. Mama akaisajili kwa kitambulisho chake. Ni ndugu yake wa toka nitoke, angekataaje? Mjomba akaitumia laini ile kukopa, kisha ikapotea. Ujumbe wa kumwonya mwenye deni ulitumwa, lakini ulitumwa kwa laini iliyopotea. Mama hakuona hata mmoja.

Mama aliona kubishana kutamchelewesha zaidi, akalilipa deni. Ripoti ikabadilishwa kuonyesha kwamba limelipwa, lakini haikuonyesha kwamba halikuwa lake. Benki ikamwambia arudi baada ya miezi sita. Msimu wa Januari ukapita, wateja wakaenda kwa fundi mwingine, na karo yangu ya muhula wa kwanza ikalipwa vipande vipande. Cherehani ilinunuliwa mwezi wa Aprili kwa pesa za chama cha akina mama wenzake, waliokubali kumpa zamu yake mapema. Wao walimjua. Ile kompyuta ya benki ilijua nambari ya kitambulisho tu. Haikujua nani alikula pesa, na haiwezi kumwonea mtu huruma.

Kutokana na hayo, mpenzi msomaji, nimejifunza sheria kadhaa ambazo zinatulinda, na ni aibu kuwa nazo usizijue.

Moja, kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake mara moja kila mwaka bila malipo. Usingoje mpaka unyimwe mkopo ndipo uitafute. Mbili, mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kulipeleka jina lako kwa ubaya. Tatu, tangu Aprili 2020, deni lililo chini ya shilingi 1,000 halifai kuliharibu jina la mtu. Nne, ukiona jambo lisilo la kweli katika ripoti, una haki ya kulalamika kwa shirika lililoiandika, nalo linapaswa kulichunguza. Tano, kulipa deni hakufuti historia papo hapo. Alama ya kwamba uliwahi kushindwa kulipa huweza kukaa hadi miaka mitano baada ya kulipa. Hii ndiyo ninayotaka kila mmoja wetu aikumbuke, kwa maana miaka mitano kwetu sisi ni kutoka Kidato cha Tatu hadi chuo kikuu.

Vile vile, kulikuwa na wakopeshaji wa simu waliokuwa wakiwatukana wadeni na kuwapigia simu jamaa na marafiki zao ili kuwaaibisha. Sheria ilibadilishwa mwezi wa Desemba 2021 ili Benki Kuu iwasimamie, na kanuni zilizotolewa Machi 2022 zikapiga marufuku vitisho na matusi hayo. Kwa hivyo kabla ya kukopa kwa programu yoyote ya simu, tazama kwanza kama ina leseni.

Pengine kuna mwenzangu anayejiuliza, "Mimi ni mwanafunzi, sina hata kitambulisho. Haya yananihusu vipi?" Yanakuhusu sana, rafiki yangu. Wengi wetu hapa tunakwenda nyumbani jioni na kushika simu za wazazi. Ukikopa hata shilingi 200 kwa simu ya mama ili ununue bando, au uweke dau kwenye mechi, jina linaloandikwa si lako. Ni la mama. Siku akihitaji mkopo wa karo yako, lile dau litakuwa limemtangulia.

Pia, siku tutakapopata vitambulisho, watakuja watu. Mwingine atasema, "Nisajilie laini tu." Mwingine atasema, "Weka sahihi hapa uwe mdhamini wangu, ni kitu kidogo." Kumdhamini mtu si kumsifu. Ni kusema kwamba asipolipa, utalipa wewe. Katika vyama vya akiba na mikopo, mwanachama kwa kawaida hukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na kinacholinda mkopo ni akiba yake pamoja na ya wadhamini wake. Akitoroka, akiba ya mdhamini hukatwa. Kwa hivyo mdhamini mtu ambaye uko tayari kumlipia, basi. Na kwa laini za Safaricom, mtu anaweza kubonyeza *106# aone ni nambari zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Waonyesheni wazazi jioni ya leo. Haichukui hata dakika mbili.

Hata hivyo, sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba mkopo ni adui. Kuna walimu wetu waliosoma chuo kikuu kwa mkopo wa HELB, ile bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, na baadhi yetu tutasoma kwa mkopo huo huo Mungu akipenda. Huo nao ni deni, nao usipolipwa jina hupelekwa kwenye lile daftari la nchi. Lakini ni mkopo unaozaa. Kipimo changu ni hiki: mkopo wa kununua cherehani utalipwa na cherehani, na mkopo wa mbolea utalipwa na mahindi. Je, mkopo wa kununua viatu vya kuringia utalipwa na viatu? Kama kitu unachokopea hakiwezi kusaidia kulipa, wala hakihusu ugonjwa au karo, afadhali ungoje uweke akiba.

Nihitimishe kwa kusema kwamba jina jema halinunuliwi siku moja. Linajengwa kwa mambo madogo: kukopa kile unachoweza kulipa, kulipa siku uliyoahidi, na ukiona hutaweza, kwenda mwenyewe kwa anayekudai kumweleza kabla hajakutafuta. Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo, lakini kinga yake ni kuuliza kabla ya kutia sahihi. Tuanze hapa hapa shuleni. Kama umeazima kitabu cha mwenzako au shilingi hamsini za chai, rudisha siku uliyosema. Hilo nalo ni daftari, na sisi sote tunaandikana.



Mwanafunzi, Kidato cha Tatu